Mama, niulizie kwa Bibi jina la ua

Hannover, Ujerumani
20 Mei

Mama, shikamoo. Mimi mzima, na baridi nimeshaizoea. Nisalimie Baba na wote hapo Makorora.

Kuna jambo halinitoki moyoni. Wiki ya kwanza nilitumwa dukani, nikakuta vikopo vya ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini. Kibandiko kimeandikwa "Usambaraveilchen". Usambara! Milima ninayoipanda nikienda kwa Bibi, kule kijijini Amani.

Nilipomweleza mwalimu wa biolojia, alitupeleka bustani za Herrenhausen, hapa hapa Hannover, tukasimuliwa habari zake. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta ua hili kwetu, akampelekea baba yake mbegu. Mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani hizo, akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia.

Wenzangu wakanigeukia: "Na nyinyi mnaliitaje?" Mama, nilikosa jibu. Miaka yote ya sekondari nilinakili ua la ubaoni, nikakariri petali na stameni, nikafaulu, lakini Amani hatukupelekwa hata siku moja. Na Amani iko Muheza, hapo tu jirani na kwetu Tanga! Inaniuma.

Hapa tunaliotesha wenyewe. Unakata jani pamoja na kikonyo chake, unalichomeka kwa mshazari kwenye mchanga wenye unyevu, unalifunika kwa nailoni. Jani langu la kwanza lilioza, nilizidisha maji. Nikajua nimepata sifuri. Kumbe mwalimu alitaka niandike lilivyooza, siku baada ya siku, na sijawahi kuandika kitu nikakielewa kama ukurasa ule. La pili limetimiza wiki nane, na pale chini vimechomoza vijani vitatu, vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Mmea kutoka jani tupu, bila mbegu!

Porini linaota kwenye miamba yenye kivuli. Miti ikifyekwa, jua linaliunguza. Kwa hiyo likizo ya Juni mdogo wangu aende kwa Bibi na daftari na rula. Asing'oe hata moja. Apime majani, aandike mwamba umeelekea wapi na kijito kiko hatua ngapi. Halafu amuulize Bibi wanaliitaje kwa Kisambaa, aniandikie herufi kwa herufi. Kwenye kibandiko cha kopo langu, mstari wa jina la nyumbani bado nimeuacha wazi.

Mwanao