Vyuo vya Moshi na Arusha, mbona kila kimoja na mfumo wake wa maktaba?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wakutubi tunalisema sana kantini na kwenye magrupu ya WhatsApp ila likifika kwenye kikao linafifia. Ni hii tabia ya vyuo vyetu huku kaskazini, kila kimoja kivyake kumtafuta kijana wa kompyuta na kumwambia "tutengenezee mfumo wa maktaba". Kijana anatengeneza, analipwa, anaondoka, maktaba inabaki na kitu ambacho fundi mwingine akikifungua anatikisa kichwa tu.

Kuna chuo kimoja, sikitaji, mfumo wao ulikuwa unapendeza kwa macho, rangi za chuo, nembo kubwa juu, picha ya jengo. Shida ikaanza yule kijana alipopata kazi Dar. Siku mfumo umegoma kufunguka wanampigia, simu inaita weee haipokelewi, pasiwedi ya sava, ile kompyuta inayobeba mfumo, anayo yeye, na humo ndani kuna rekodi za vitabu walizoingiza wanafunzi wa fildi kimoja kimoja kwa miezi. Ikabidi daftari la kaunta lirudi, lile kubwa la mistari, jina, namba ya usajili, kitabu, saini. Na wala simlaumu sana kijana, maana kwenye mkataba hakuna aliyemwambia aandike maelezo wala aache njia ya kutoa data zote kwenda mfumo mwingine.

Sasa kinachoniuma ni kwamba kazi hii ilishafanyika zamani na iko bure. Mwaka 1999 kule New Zealand maktaba za wilaya ya Horowhenua, maktaba za miji midogo tu, zilikuwa na mfumo wa zamani ambao ulikuwa hauwezi kuvuka mwaka 2000, tarehe zingeuchanganya. Wakawapa kazi kampuni ya Katipo Communications, wakatengenezewa mfumo mpya unaoitwa Koha, Januari 2000 ukaanza kazi, halafu wakauachia kwa leseni ya GPL, yaani yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua ndani, kuurekebisha na kumgawia mwenzake. Leo unatumika nchi nyingi, hata hapa Tanzania vyuo kadhaa vinautumia, na toleo jipya linatoka mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Marekani nako maktaba za jimbo la Georgia ziliungana zikatengeneza wa kwao, Evergreen, ukaanza kutumika 2006. Kwa hiyo mtu akiniambia chuo chenye wanafunzi elfu mbili kinahitaji mfumo mpya kutoka sifuri nabaki namtazama tu.

Najua jibu litakalokuja, "mifumo ya wazungu haiendani na mazingira yetu". Kuna ukweli hapo, ila ukweli wenyewe haupo pale watu wanapoutafuta. Kuazimisha kitabu ni kuazimisha kitabu, iwe Levin kule Horowhenua iwe Usa River. Panapobana ni sehemu nyingine kabisa, na ndo hizo nilitaka vijana wetu wazifanyie kazi.

Chukua klerensi, ile ya mwanafunzi kusainiwa kwamba hadaiwi kitu. Mitihani ikiisha mwezi wa saba njoo usimame kaunta yangu uone. Foleni mpaka kwenye ngazi, kila mmoja na fomu yake, kashasainiwa na wadeni wa hosteli, kashasainiwa na mhasibu, sasa anataka saini ya maktaba, "madam naomba unisainie basi linaniacha". Mimi namtafuta kwenye mfumo kwa namba ya usajili simpati, kumbe mwaka wa kwanza alisajiliwa kwa namba ya muda na hakuna aliyeibadilisha, nahangaika na jina, wako akina Neema Mushi wanne. Hii foleni yote ipo kwa sababu mfumo wa maktaba na mfumo wa usajili havijuani. Koha ina mlango wa kuongea na mifumo mingine, API wanaita, fundi anayejua kazi anaweza kufanya mfumo wa usajili uulize wenyewe "huyu anadaiwa kitabu?" na ujibiwe, mtoto asipande hata hizo ngazi. Kipande hicho kikiandikwa na chuo kimoja kikawekwa wazi, chuo cha pili hakianzi upya, kinabadilisha vitu vichache kinasonga.

Faini nayo hivyo hivyo. Mtoto anadaiwa jero, na kwenye vyuo vya serikali hela haipokelewi mkononi, lazima kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, anatoka kaunta anaenda uhasibu kuombewa namba, analipa kwa simu, anarudi na meseji, mimi nafuta faini kwa mkono. Kwa jero! Huyo mzungu wa New Zealand hawezi kujua kontrol namba ni kitu gani, hii ni kazi yetu sisi na hakuna atakayetufanyia.

Halafu kuna majina. Hapa nikae kidogo maana ndo panapoharibika katalogi zetu na wakubwa hawapaoni. Katalogi nyingi za maana zinatumia muundo wa kuandikia rekodi unaoitwa MARC, uliozaliwa maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960 chini ya mama mmoja anaitwa Henriette Avram, ambaye alitoka kwenye kompyuta na sio kwenye ukutubi. Kila taarifa ina namba yake, 100 mwandishi, 245 jina la kitabu, 650 mada, 502 kama ni tasnifu. Kitabu cha kigeni ni rahisi, unaandika ISBN, ile namba inayochapwa kwenye kitabu, mfumo unakwenda wenyewe kwenye maktaba nyingine duniani unaleta rekodi nzima, wewe unabandika barkodi basi. Ila tasnifu ya mwanafunzi wetu kuhusu kahawa ya Uru au maji ya Arumeru haipo popote, wewe ndo wa kwanza kuiandika, na ukikosea imekosewa dunia nzima. Nimeona mtu mmoja, tasnifu yake ya shahada ya pili iko kwa Massawe, ripoti yake nyingine iko kwa Masawe wa s moja, na ya tatu wameanza na jina la kwanza. Mwanafunzi akitafuta anapata moja anadhani ndo basi. Dawa ipo ndani ya Koha, rekodi moja ya jina inayosema hawa wote ni mtu mmoja, lakini lazima mtu akae aiandike, na yule kijana anayeanza mfumo wake kutoka sifuri hata hajui kama kitu hicho kipo, kwake mwandishi ni kisanduku cha kujaza maneno.

Tukija kwenye umeme na mtandao, hapa watu wanadanganyana sana. Sio lazima mfumo ukae kwenye intaneti. Unaweza kuuweka kwenye sava ndogo hapo hapo maktaba, ukatandaza waya mpaka kaunta na kwenye kompyuta za kutafutia, intaneti ikikata Tengeru nzima wewe unaendelea kuazimisha. Umeme ukikatika ndo unahitaji UPS, lile betri la kushikilia kompyuta zisizime, na hata hapo kuna namna ya kuandika miamala pembeni kwenye laptopu ukaipakia baadaye. Bakapu, yaani nakala ya akiba, kila usiku, na isikae kwenye flashi ndani ya droo iliyoko chumba kimoja na sava, jamani, nimeiona hiyo kwa macho yangu.

Lazima niseme na ubaya wake, nisionekane nauza. Koha imeandikwa kwa lugha ya programu inayoitwa Perl, na vijana wetu wengi wanatoka vyuoni na lugha nyingine, PHP na Python, Perl wanaisikia tu. Kuiweka kwenye Debian, mfumo wa kuendeshea sava, sio kazi ya mchana mmoja kwa asiyezoea. Na kosa kubwa la vyuo vyetu ni kusikia neno bure wakafuta bajeti. Leseni ndo bure, mtu sio bure. Nimeona maktaba imewekewa Koha na wafadhili, mafunzo siku chache, picha za pamoja, chai, halafu miaka inapita toleo ni lile lile, hakuna aliyegusa hata marekebisho ya usalama, na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, humo ndani kuna namba za simu za watoto na orodha ya kila walichosoma. Koha inaweza kufuta historia ya nani aliazima nini baada ya kitabu kurudi, ila ni mpangilio wa kuwasha, haujiwashi.

Kwa hiyo ninachosema mimi ni tuajiri watu kwa pamoja. Moshi hapa wakulima waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933 wauze kahawa yao pamoja, na chuo kikuu cha ushirika tunacho hapa hapa mjini, tunafundisha watoto wa watu ushirika halafu maktaba zetu kila moja inahangaika na fundi wake. Vyuo vitano vikichangia, unapata mafundi wawili wa kudumu wanaojua Koha mpaka ndani, wanazunguka Moshi na Arusha, akiondoka mmoja yupo mwingine. Na katalogi za tasnifu tuzifungue, mimi nikishaandika rekodi ya Massawe wewe wa Njiro, Arusha, uivute tu usiandike tena.

Halafu hizi projekti za mwaka wa mwisho za wanafunzi wa kompyuta! Kila mwaka, kila chuo, lazima kuna kundi limefanya "mfumo wa maktaba", ongeza kitabu, futa kitabu, ukurasa wa kuingilia una picha ya rafu za vitabu, wanapresenti wanapata B, projekti inakufa siku hiyo hiyo. Walimu wao nawaomba kwa heshima, wapeni kipande kimoja cha kweli. Koha inapokea vipande vya kuchomeka bila kugusa mfumo wenyewe. Kundi moja lifanye klerensi, jingine SMS ya kukumbusha tarehe maana imeili hawasomi, jingine liingie kwenye tafsiri, Koha inatafsiriwa na watu wa kujitolea mtandaoni na mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kukaa na wa kompyuta wakafanya pamoja. Ila kwanza waje wakae kaunta wiki moja, waone foleni, ndo wafungue laptopu.

Na vyuo ambavyo tayari vina mfumo wa kujitengenezea sisemi vitupe kesho. Muulizeni fundi wenu swali moja leo, awatolee rekodi zote kwenye faili la MARC, au hata CSV, faili la jedwali la kawaida, awakabidhi mkononi. Akisema haiwezekani mnajua mmekaa wapi.

Wakutubi wenzangu wa Arusha, mwaka wa masomo unaanza mwezi wa kumi, tukutane kabla ya hapo. Nyie mnasema Moshi mbali, sisi tunasema Arusha mbali, basi iwe Boma Ng'ombe, Jumamosi yoyote, kila mtu aje na toleo la mfumo wake na idadi ya rekodi alizonazo kwenye karatasi. Tusisubiri barua ya mkuu wa chuo wala posho, nauli yangu najilipia.

Mkutubi wa chuo,
Pasua, Moshi