Kisheti cha Pili: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo, na poleni na jua, maana naona wengi mmekuja kwa baiskeli na baadhi yenu mmetoka mbali kuliko Ngamiani.

Nianze na mepesi niyamalize. Tumekutana kila mwezi isipokuwa Ramadhani. Ada zinaingia kwa kusuasua. Mhazini atayasema mwenyewe, nami nimemwomba asitaje majina. Wanachama wapya tumewapata Muheza na Pangani, wa Lushoto bado wanatuahidi. Projekta tuliyoazima imerudi kwa mwenyewe ikiwa nzima. Feni ya ukumbi, hilo mnaliona.

Yaliyobaki katika taarifa hii ni ugomvi. Nimetafuta neno lenye heshima zaidi kwa ajili ya muhtasari, sikulipata. Tumegombana mwaka mzima juu ya saikolojia yenyewe: haya tunayowafundisha wazazi na walimu katika semina zetu za malezi na unasihi, yana msingi au hayana?

Mnakumbuka ulivyoanza. Mwalimu mmoja kijana alikuja kikaoni na karatasi moja tu. Alitueleza kwamba mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti, likiongozwa na Mmarekani Brian Nosek, lilitoa matokeo ya kazi ya kuchosha. Walichukua tafiti 100 zilizochapishwa mwaka 2008 katika majarida matatu yanayoheshimika ya saikolojia, wakazirudia upya, kila moja kwa njia iliyo karibu kabisa na ya mwanzo. Katika machapisho ya awali, tafiti 97 kati ya hizo 100 zilidai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, zilizopata matokeo ya namna hiyo zilikuwa asilimia 36. Na hata athari zilizoonekana zilikuwa, kwa wastani, kama nusu ya zile za kwanza.

Ukumbi ukanyamaza. Kisha mzee wetu mmoja, aliyekuwa mnasihi wengi wetu tukiwa bado tunajifunza kufunga kamba za viatu, akauliza: "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikiuza mbuzi kwenye gunia?"

Hapo ndipo tulipogawanyika. Vijana wakasema tufute vijitabu vyote vya semina tuanze upya. Wakaukumbusha mkutano kuhusu mwaka 2011, mwaka wa balaa kwa taaluma hii. Mwaka huo Daryl Bem, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha katika jarida kubwa majaribio tisa yaliyohusisha watu zaidi ya elfu moja, akidai kwamba binadamu huhisi jambo kabla halijatokea. (Mtu wa Tanga akisikia hivyo hashtuki sana, lakini wenzake walishtuka, kwa sababu alitumia njia zilezile wanazotumia wao kila siku.) Mwaka huohuo watafiti watatu, Simmons, Nelson na Simonsohn, walionyesha jinsi mtu asiyedanganya popote, anayechagua tu kipi akipime, lini asimame kukusanya data na kipi akiripoti, anavyoweza kuthibitisha upuuzi. Wao "walithibitisha" kwamba kusikiliza wimbo mmoja wa bendi ya Beatles kumewapunguzia wanafunzi umri kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Na mwaka huohuo Uholanzi ikagundua kwamba Diederik Stapel wa Chuo Kikuu cha Tilburg alikuwa akighushi data kwa miaka, akitunga majibu ya watu ambao hawakuwahi kuulizwa kitu. Machapisho yake zaidi ya 50 yamefutwa.

Wakubwa wakajibu, na walikuwa wamejiandaa. Mwaka 2016 mwanasaikolojia Daniel Gilbert na wenzake walipinga hesabu za ule mradi wa kurudia. Walisema baadhi ya marudio hayakuwa marudio. Walitoa mfano wa utafiti uliopima mitazamo ya Wamarekani kuhusu Wamarekani weusi, ambao ulirudiwa kwa Waitaliano. Ukishindwa huko, umeshindwa utafiti au umehama nyumba tu? Hoja nzuri. Nilipiga makofi.

Nilipofika nyumbani makofi yakanitoka. Kwani kama jambo lililopimwa kwa Mmarekani haliwezi kuvuka likafika salama kwa Mwitaliano, limefikaje Makorora? Nani alilipokea bandarini akalikagua? Kwa maoni yangu, utetezi ule ulituumbua sisi kuliko shutuma zenyewe. Na ndilo nililotaka mlisikie leo, kwa sababu mimi mwenyewe nina kesi ya kujibu.

Wengi wenu mmehudhuria semina yangu ya subira. Nimeifundisha kwa miaka. Nilikuwa nawaeleza wazazi jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford: mtoto anawekewa kitamu kimoja mezani, anaambiwa akisubiri mtu mzima arudi atapewa viwili. Kisha nasema kwa sauti ya mchungaji: waliosubiri walikuja kufaulu masomo, walioshindwa kusubiri wakabaki nyuma. Wazazi wanatikisa vichwa, wanarudi nyumbani kuwatesa watoto wao kwa kashata.

Miaka miwili iliyopita, katika kijiji kimoja upande wa Muheza, niliamua kuonyesha kwa vitendo. Nilinunua visheti, nikawaketisha watoto saba kwenye mkeka, kila mmoja na chake mbele yake. Nikatoka nje. Mmoja, kitoto cha miaka mitano hivi chenye kaptula ya kaka yake, alikula kabla kivuli changu hakijatoka mlangoni. Nikawaambia wazazi, mnaona? Huyu ndiye wa kuangaliwa. Mama yake alikuwepo. Aliinamisha kichwa.

Nikaanza kugawa kisheti cha pili kwa waliosubiri. Mfuko ukaisha. Wawili wa mwisho sikuwa na cha kuwapa. Nikawaambia nitaleta kesho, nami kesho nilikuwa Tanga mjini. Yule wa kaptula alikuwa ananitazama tu, sukari bado mdomoni.

Sasa sikilizeni nilichosoma baadaye, nilichopaswa kusoma kabla. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester waliwachukua watoto 28. Kabla ya jaribio, kila mtoto aliahidiwa vifaa bora zaidi vya kuchorea. Nusu yao waliletewa, nusu wakaambiwa samahani, havipo. Walioletewa walisubiri kitamu chao cha pili kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake wakaangalia watoto zaidi ya 900, wa familia za aina nyingi, tofauti na wale wa Mischel ambao walikuwa wa shule ya awali ya chuoni Stanford. Uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye ulikuwa kama nusu ya ule uliotangazwa, na walipoingiza hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto tangu mapema, ukapungua tena kwa theluthi mbili. Na mwaka huo huo likachapishwa jaribio lililowalinganisha watoto wa kabila la Wanso wa Kamerun na watoto wa Ujerumani. Wanso waliosubiri walikaribia asilimia 70, Wajerumani asilimia 28. Lingekuwa kinyume, ningekuwa nimeshalitumia semina kumi kuwaeleza jinsi watoto wa Afrika wanavyokosa nidhamu. Hilo nalikiri mbele yenu.

Nilirudi kijijini mwaka huu. Yule mama sikumkuta.

Jambo la pili ni hojaji. Kamati ilipewa kazi ya kutafsiri dodoso moja la msongo wa mawazo. Swali moja, kwa lugha lililoandikwa kwayo awali, liliuliza kama mtu anahisi utupu ndani yake. Tukaandika, "Je, unajihisi mtupu?" Mwanakamati akalijaribu kwa mzee mmoja wa Mkinga. Mzee alijitazama msuli, akaukaza, akasema kwa upole, "Mwanangu, nimevaa." Tulicheka sana. Lakini kama tungempa karatasi aweke tiki peke yake, angeweka "hapana", nasi tungeandika kwamba hana huzuni.

Watu wa takwimu wanatuambia tatizo la tafiti hizi ni sampuli ndogo, yaani waliopimwa ni wachache. Sawa, lakini sampuli kubwa ya "mtupu" ni kosa kubwa tu. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alihesabu kwamba asilimia 96 ya waliotafitiwa katika majarida makuu ya saikolojia ya Marekani walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, zenye asilimia 12 ya watu wote duniani. Na pale walipotoka nje kupima, mambo yalibadilika, tena hapahapa Tanzania. Joseph Henrich na wenzake, mwaka 2001, walitoa matokeo ya mchezo wa kugawana fedha katika jamii 15: mmoja anapendekeza mgawo, mwenzake akikataa wote wanakosa. Wanafunzi wa vyuo vya Magharibi kwa kawaida hukaribia nusu kwa nusu. Wahadza wa Ziwa Eyasi walitoa kidogo, na kidogo hicho kikakataliwa mara nyingi. Walamalera wa Indonesia, wanaovua nyangumi kwa pamoja, walitoa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mkiniuliza "binadamu" wa vitabuni hugawaje, nami nitawauliza: anavua nini, na anavua na nani?

Kuhusu lugha tunayotumiana tukigombana. Kundi letu la WhatsApp lilichafuka mwezi wa saba, na wanachama wawili walijitoa. Tusijione wa ajabu: Susan Fiske, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton, mwaka 2016, katika rasimu ya makala iliyovuja, aliwafananisha baadhi ya wakosoaji wa mitandaoni na magaidi wa mbinu za utafiti, na maneno hayo hayakuonekana tena makala ilipotoka rasmi. Mmoja wa waliojitoa nimemfuata nyumbani kwake Chumbageni, amerudi. Wa pili bado ananijibu salamu tu. Ila nawaomba wakubwa jambo moja: waliomfichua Stapel walikuwa watafiti vijana wa idarani kwake. Kijana akisema hesabu haziendi, tuangalie kwanza hesabu.

Kamati inaleta mapendekezo matatu mpige kura. Semina ya subira isimame mpaka iandikwe upya, na si na mimi. Kila kijitabu kiseme, katika kila dai, nani walipimwa, wangapi, wapi, na kama kuna aliyerudia. Na kabla hatujapima lolote sisi wenyewe, tuandike tunatarajia nini, karatasi isainiwe, ikae kwa katibu, ili tusije tukabadilisha swali baada ya kuona jibu. Hili la tatu wenzetu wameshaanza nalo. Tangu mwaka 2013 yapo majarida yanayokubali makala kwa kusoma mpango wake, kabla matokeo hayajajulikana.

Waliopinga pendekezo la kwanza ndani ya kamati ni wawili, na hoja yao ni kwamba wazazi wanaipenda semina hiyo. Nimeahidi kuifikisha, nimeifikisha.

Chai iko nyuma. Visheti nimevihesabu mara mbili. Katibu, endelea na agenda ya nne.