Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Joto la Katikati ya Majira ya Baridi na Safari Zetu za Milimani

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Masuala ya ada na wanachama wapya yamo katika taarifa za mhazini na katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nitajikita katika jambo lililozua mjadala mkali kuliko yote, yaani uamuzi wa kamati wa kusitisha, kwa hofu ya maporomoko ya theluji, safari za kwenye miteremko mikali wakati joto lilipotuingilia katikati ya majira ya baridi.

Waliolalamika walisema kwamba wakati wa machipuko huwa tunapita miteremko hiyohiyo kukiwa na joto kubwa zaidi, na hakuna linalotupata. Hoja hiyo inastahili kujibiwa. Theluji ya machipuko imekwisha kuyeyuka na kuganda mara nyingi, na ndani yake maji yamejichimbia vijia vya kushukia. Theluji ya katikati ya baridi bado ni kavu, imelala tabaka juu ya tabaka, na maji yanapoingia kwa mara ya kwanza hukwama kwenye tabaka gumu au dhaifu, yakalegeza chembe zilizokuwa zimeshikana, hadi bamba zima la juu likakosa cha kulishikilia. Ndiyo maana kulowa kwa mara ya kwanza ndiko kunakotutia hofu zaidi. Mvua ni mbaya kuliko jua, kwa sababu huongeza uzito papo hapo bila kuongeza uimara wowote, na maporomoko yanaweza kuanza dakika chache tu baada ya matone ya kwanza. Tena mvua na upepo wa joto havichagui upande wa mlima: miteremko yenye kivuli, ambayo wengi wetu huikimbilia jua likiwaka, hulowa sawa na mingine.

Kilichoamua suala hili katika kamati, hata hivyo, ni hali ya usiku kuliko joto la mchana. Anga likiwa wazi, theluji hupoteza joto lake kuelekea angani na kujifunga ukoko mgumu, hata kama hewa iko juu kidogo ya nyuzi 0. Mawingu yakitanda, joto hilo hurudishwa chini na ukoko haujifungi. Katika kipindi tunachokizungumzia mawingu hayakuondoka usiku. Waliotangulia kukagua njia alfajiri walizama hadi magotini kila hatua, na mabonge ya theluji yalikuwa yakijiviringisha yenyewe kutoka chini ya miamba. Mimi binafsi sikuhitaji ushahidi zaidi ya huo.

Kuna aina moja ya poromoko ambayo hata kuangalia kama ukoko umejifunga usiku hakusaidii kuikwepa. Kwenye miteremko ya nyasi ndefu zilizolala au ya miamba yenye uso laini, theluji yote huteleza juu ya ardhi iliyolowa, na juu yake hufunguka ufa mpana. Ufa huo unaweza kukaa siku au hata wiki, kisha theluji ikashuka saa yoyote, iwe usiku au mchana. Baruti, ambayo hutumika kuangusha theluji kwa makusudi, nayo haiaminiki hapa. Kwa hiyo hatupumziki wala kula chini ya ufa wa namna hiyo, na tukilazimika kupita, tunapita haraka.

Ninaomba pia tuzisome vizuri taarifa za hatari ya maporomoko. Kipimo cha ngazi 5, kilichokubaliwa Ulaya mwaka 1993, hakipandi kwa hatua zilizo sawa, na ngazi ya 3 si ya wastani kama wengi wanavyodhani. Siku za joto, taarifa ya asubuhi na ya alasiri zinaweza kutofautiana, na anayesoma ya kwanza peke yake anajidanganya.

Mafunzo ya uokoaji yalihudhuriwa vizuri. Theluji iliyolowa inaweza kuwa na uzito wa kilo 400 au zaidi kwa mita moja ya ujazo, na ikisimama hukaza mara moja, wakati matumaini ya aliyefukiwa hupungua kwa kasi baada ya dakika 10 hadi 15. Beleshi moja la plastiki lilipasuka kwenye bonge la pili tu. Kuanzia sasa tunataka mabeleshi ya chuma, na wachimbaji waanzie upande wa chini wa alipofukiwa mtu, wakipokezana.

Kamati inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura: katika miezi ya baridi, endapo ukoko haukujifunga usiku, safari za kwenye miteremko yenye mwinuko wa nyuzi 30 au zaidi, pamoja na njia zinazopita chini yake, ziahirishwe bila kiongozi wa safari kulazimika kuomba kibali cha kamati. Theluji mpya itakayoanguka juu ya ukoko ulioachwa na mvua baada ya baridi kurudi itajadiliwa katika kikao cha viongozi wa safari, kwa kuwa inahitaji kanuni yake.