Wanangu wa vyuo vya ufundi, msiseme "hayo si yetu"

Wanangu,

Mwezi uliopita niliitwa kukagua miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nilikwenda kwa furaha, maana tangu nistaafu naitamani harufu ya karakana kama mwingine anavyotamani udi. Meza zilijaa kazi nzuri: pampu ya maji inayoendeshwa kwa jua, kengele ya kuonya mafuriko, mkono wa chuma unaopanga chupa. Kwenye meza ya nne palikuwa na kijana, kompyuta na kamera ndogo. Mtambo wake unausoma uso wa mwanafunzi anapoingia mlangoni, kisha unaandika kuwa amehudhuria. Usipoutambua uso huo, mwanafunzi hakuwepo. Na asiyetimiza mahudhurio haruhusiwi kufanya mtihani.

Nikamwuliza amejaribu nyuso ngapi. Kumi na mbili, akasema, za wenzake wa darasani. Wasichana wangapi? Wawili. Yupo aliyevaa hijabu? Hakuna. Na mtambo ukimkataa mtu aliyekuwepo, atamlilia nani? Kijana akatabasamu kwa adabu, akanijibu: "Mwalimu, hayo ni ya watu wa siasa na sheria. Sisi ni watu wa mitambo."

Wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Hakusema kwa kiburi. Alisema alichofundishwa, nami ni katika waliofundisha. Kwa hiyo barua hii si ya kumsema yeye. Ni ya kuwarudishia ninyi nyote deni ambalo sisi wazee wa karakana tuliwaachia bila kuwaambia.

Mimi niliingia Mombasa Polytechnic mwaka 1972, mwaka uleule chuo kilipopewa jina hilo. Waliotutangulia walikijua kama MIOME, yaani Mombasa Institute of Muslim Education, chuo kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wa pwani wapate ufundi wa kuwalisha. Tangu 2013 ni chuo kikuu kamili, na mimi nilisimama barabarani kulitazama bango jipya la Technical University of Mombasa kama baba anayemtazama bintiye akivishwa joho. Lakini majina yalibadilika mara ngapi, na desturi moja ikabaki palepale. Fundi mwema ni yule anayefanya kazi na kufunga mdomo.

Mnajua inaanzia wapi? Haianzii kazini. Inaanzia kwenye daftari la maabara. Mwaka wangu wa kwanza tulipewa jaribio la pendulamu, jiwe linalobembea kwenye kamba, tutafute nguvu ya mvutano wa dunia. Kila mtu anajua jibu ni 9.81. Kundi letu likapata 9.2. Kamba ilikuwa inavutika, na saa yetu ilikuwa mbovu. Tungeandika 9.2 na kueleza kamba na saa, tungekuwa tumejifunza ufundi siku hiyo. Tuliandika 9.79. Hatukuandika 9.81 kamili, maana ingeonekana tumenakili. Tukapata alama nzuri. Kundi la jirani waliandika walichokipima, wakapata chini yetu.

Ninyi mnaita kupika data. Najua bado mnapika, kwa sababu nimesahihisha madaftari yenu kwa miaka ishirini na sita na sijawahi kuona darasa zima likikosea kwa namna inayofanana na ukweli. Na siku hizi mradi mzima wa mwaka wa mwisho unaweza kununuliwa dukani, pamoja na ripoti yake. Sikasirikii hilo kwa sababu ya alama. Linaniuma kwa sababu mkono unaozoea kuandika 9.79 hautabadilika siku utakapopewa kalamu ya kutia sahihi.

Mimi wangu haukubadilika. Mwaka 1978 nilikuwa fundi kijana katika kampuni moja hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kukagua winchi za kuinulia mizigo. Kila winchi ilipaswa kujaribiwa kwa uzito kabla ya kupewa cheti. Siku moja msimamizi akaniletea karatasi mezani, akaniambia meli inasubiri, tia sahihi, tutajaribu kesho. Nikatia. Kesho haikuja. Baada ya wiki tatu mnyororo ukateleza, mzigo ukaangukia mguu wa mwenzangu tuliyekuwa tukila naye mchana sahani moja. Hakufa. Alikwenda kwa mkongojo mpaka alipozikwa mwaka 2011, na kila Iddi nilipokwenda kumtembelea alinipokea kwa kahawa na halua, asinitajie lile neno hata siku moja. Hakujua sahihi ni yangu. Leo ndiyo mara ya kwanza nalitamka mbele za watu.

Sasa mtaniambia hilo ni kosa la mtu mmoja. Basi tokeni mwende kivukoni.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, hapa Mombasa, ilipinduka asubuhi ikiwapeleka watu kazini. Ilikuwa na idhini ya kubeba watu 300 hivi, na siku hiyo ilibeba kiasi cha 400. Ilizama mita chache kutoka nchi kavu, mahali ambapo mtu aliyesimama ufuoni angeweza kuita jina la aliyemo ndani na akasikika. Watu 272 wakafa. Mtaani kwetu tulizika kutoka nyumba tatu. Wakati wa matanga nilisikia mafundi, watu wa fani yangu, wakisema kwa sauti ya chini kwamba walijua siku nyingi mambo hayakuwa sawa. Walijua. Walisema kwa nani? Walisemezana.

Ikapita miaka ishirini na mitano. Tarehe 29 Septemba 2019 mama mmoja na bintiye mdogo wakiwa ndani ya gari kwenye feri ya Likoni, gari likarudi nyuma, likateleza kupitia lango la kushukia, likatumbukia katikati ya mkondo. Iliwachukua wapiga mbizi karibu wiki mbili kuwatoa. Nchi nzima ikauliza kwa nini lango halikuwa limeinuliwa. Sisi tunaovuka tuliona aibu kuulizwa, kwa sababu macho yetu yalikuwa yamekwisha kulizoea lango lile. Mimi mwenyewe, mkaguzi mzima, nilikuwa nimelizoea.

Kuzoea ndiko ninakokuogopa kwenu kuliko ujinga. Ujinga huuliza.

Mwaka huohuo wa 2019, tarehe 10 Machi, ndege ya Ethiopian Airlines iliruka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaanguka baada ya dakika sita. Watu 157. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ilikuwa Boeing 737 MAX, na miezi mitano nyuma nyingine ya aina hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189. Someni habari za ndege hiyo kama mnavyosoma kitabu cha darasani. Injini zake kubwa zilisogezwa mbele, tabia ya ndege angani ikabadilika, na ili kuirekebisha ikawekwa programu ya kusukuma pua ya ndege chini. Programu hiyo ilitegemea kihisi kimoja tu cha kupima pembe ya upepo, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Kihisi kikidanganya, programu inaamini, pua inashuka, rubani anavuta, pua inashuka tena. Na hadi ajali ya Indonesia, marubani walikuwa hawajaandikiwa katika kitabu chao kuwa programu hiyo ipo.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua hutegemei kihisi kimoja kwenye jambo la uhai. Sasa ngojeni linaloniumiza zaidi. Januari 2020 ujumbe wa ndani wa wafanyakazi wa kampuni ile ulitolewa hadharani. Mmoja alikuwa amemwuliza mwenzake, kabla ya ajali zote mbili, kama angeipandisha familia yake ndege ya MAX inayoendeshwa na marubani waliofunzwa kwa mtambo wao wa mazoezi. Yeye mwenyewe, akasema, hangeipandisha. Mwenzake naye akakataa. Walisemezana, kama mafundi wetu matangani. Ule haukuwa upungufu wa akili, maana wale ni wahandisi ambao mimi na ninyi tungetamani kufanya nao kazi. Palikosekana mtu wa kulitoa neno chumbani kulipeleka mezani.

Kijana wa meza ya nne, nakurudia wewe. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, binti wa wazazi wa Kighana aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha teknolojia cha MIT kule Marekani, pamoja na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walichapisha kipimo cha programu tatu za kampuni kubwa zinazotazama uso na kusema huyu ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe, programu iliyokosea zaidi ilikosea chini ya mara 1 katika 100. Kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea mara 34.7 katika 100. Joy alianza kushuku akiwa maabara, pale kamera ilipokataa kuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Angeweza kuvaa kinyago, mradi ukapita, akahitimu. Ndiyo 9.79 hiyo. Aliandika 9.2, na kampuni zile zikalazimika kurekebisha kazi zao. Swali lake ni lilelile nililokuuliza, na halikutoka kwa mwanasiasa. Lilitoka kwa mtu aliyejua kupima.

Wala msidhani chuo kikubwa kina kinga. Maabara aliyosomea Joy, Media Lab, mkurugenzi wake alijiuzulu Septemba 2019 baada ya kufichuka kwamba walipokea fedha za Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyekwisha kuhukumiwa kwa kosa la ngono lililomhusu msichana mdogo, na jina lake likafunikwa kwenye vitabu vya michango. Paa moja, mmoja akifunua na mwingine akifunika. Ikiwa ninyi mnafadhiliwa mradi, ulizeni fedha ni za nani na anataka nini.

Sakata la Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, mnalikumbuka wenyewe, sina haja ya kulikalia. Watu walipanga foleni Nairobi mwaka 2023 kupigwa picha za mboni za macho kwa kiasi cha shilingi 7,000, serikali ikasimamisha Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Ninalouliza ni moja. Waliokishika kile kifaa na kukielekeza machoni mwa mama zetu walikuwa vijana wa hapa. Yupo aliyeuliza picha inakwenda wapi? Au lilikuwa la watu wa sheria?

Najua hofu yenu. Una mkopo wa masomo wa HELB, wazazi wameuza ng'ombe, kazi ya mkataba umeipata baada ya kuzunguka miaka miwili, halafu mzee anakuambia mkatalie bosi. Sikuambii upige kelele. Kupiga kelele mitandaoni ni rahisi, na nimewaona mkiwatukana wasomi wa fasihi na historia kila mjadala wa akili unde (AI) unapozuka, kana kwamba mtu asiyejua kuandika programu hana haki ya kuuliza itamfanya nini. Acheni hilo. Yule mtu wa historia ndiye anayekumbuka Mtongwe.

Fanyeni kazi ndogo zaidi na ngumu zaidi. Pimeni. Andikeni mlichokipima, tarehe, na jina lenu. Mpelekeeni mkubwa wenu kwa maandishi, kwa heshima, na mbaki na nakala. Msiende peke yenu, tafuteni mwenzenu mmoja anayeona mnachokiona, maana mmoja hufukuzwa na wawili husikilizwa. Na ukiletewa karatasi ya jambo ambalo hukulijaribu, sema neno ambalo mimi nilishindwa kulisema mwaka 1978: "Nitatia sahihi nikishajaribu." Halina matusi ndani yake. Meli itasubiri. Nimeishi bandarini umri wangu wote, na sijaona meli iliyozama kwa kusubiri nusu siku gatini.

Nanyi walimu wenzangu mliobaki darasani, mkisoma haya, mpeni alama zaidi aliyeandika 9.2 na kueleza kwa nini. Bila hilo, maneno yangu yote kwa vijana hawa ni upepo.

Kijana wa meza ya nne, hukunikosea, na mtambo wako nimeupenda. Kamera umeiweka vizuri, na programu ni yako kweli, nilikuona ukiirekebisha mbele yangu. Njoo nao Kibokoni Jumamosi baada ya alasiri. Barazani kwetu huwa pana wazee saba au wanane, wengine wana mtoto wa jicho, mmoja hana meno. Mke wangu atawaita majirani, wenye buibui na wenye leso, na wajukuu hawakosekani. Leta daftari. Anza na uso wangu, una miaka sabini na mitatu, kisha uandike utakachokiona.

Mwalimu wenu,
Mombasa