Mkiandika "wafukiwa na kifusi", ulizeni na mirunda ilikuwa wapi

Mhariri,

Kila mvua zikianza, gazeti lako halikosi habari hii. Vijana wawili au watatu walikuwa wakichimba msingi, au karo la choo, au mtaro wa bomba, udongo ukawaporomokea. Kamanda wa polisi anathibitisha. Zimamoto wanatoa pole na kuwaasa wananchi kuchukua tahadhari. Jirani anasimulia alivyosikia kishindo akatoka na kanga moja. Habari imeisha, tunafungua ukurasa wa michezo.

Mimi ni foromani wa majengo, na naandika kuomba jambo moja. Mwandishi wenu akifika pale, aulize shimo lilikuwa na kina gani, kuta zake zilizuiwa kwa kitu gani, na aliyekuwa ndani alikuwa anafanya kazi ya nani. Kishindo hata sisi tunakijua.

Wengi wetu tunauchukulia udongo kama kitu laini, kwa kuwa tunaujua kwenye chepe. Mita moja ya ujazo ina tani moja na nusu hivi, na ukilowa inazidi. Toyota IST nzima haifikishi uzito huo. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani, kichwa kikiwa nje na akizungumza na nyie, anaweza kufa mnamwona. Kila akitoa pumzi udongo unashuka kujaza nafasi kifua kilipoachia, na akitaka kuvuta nyingine kifua hakina pa kupanukia. Ni suala la dakika. Ndiyo maana wanaoruka kumwokoa kwa machepe mara nyingi huchelewa, na wakati mwingine hufukiwa wao, kwa sababu ukuta ulioporomoka mara moja bado una nguvu ya kuporomoka mara ya pili. (Kwa anayesoma hapa: piga 114, ondoa watu wote ukingoni, na asiwepo wa kuleta kijiko (mtambo wa kuchimbia) kuchota mahali alipolala mtu.)

Sababu zenyewe hazina fumbo. Mchanga wa Kigamboni unasimama asubuhi kwa sababu ya unyevunyevu. Jua likiupiga, unamwagika. Udongo wa mfinyanzi ni mbaya zaidi maana unakudanganya, unasimama wima siku mbili tatu kama ukuta wa zege, halafu mvua ikiunywesha unakuja bonge zima. Weka juu yake udongo uliotoka shimoni, ambao mafundi wetu huurundika pale pale mdomoni ili wasiubebe mbali. Weka na lori la kokoto lililopaki kando, na ukuta wa jirani uliojengwa hadi kwenye mpaka. Vyote hivyo vinausukuma upande wa shimo, na ndani yumo mtu.

Masika iliyopita niliitwa Goba kukadiria uzio. Kiwanja cha pili walikuwa wakichimba karo. Kijana yuko chini, ukichungulia unaona kofia ngumu ya njano, mpya kabisa, na karai linapandishwa kwa kamba. Nyuma ya rundo la udongo, kama nusu mita kutoka ukingoni, kulikuwa na ufa uliofuata mdomo wa shimo, kidole kinaingia. Ufa wa namna hiyo maana yake bonge limeshaachana na wenzake. Nikamwambia fundi amtoe kijana. "Mzee wangu, yamebaki makarai machache, tunamalizia." Nikamwonyesha ufa. Akautazama, akasema udongo wa pale ni mgumu, tangu asubuhi wanaupiga sululu. Aliyeamua ni kijana mwenyewe. Alitusikia tunabishana, akauliza kuna nini huko juu, kisha akapanda kwa kamba ile ile ya karai, maana ngazi haikuwapo. Upande ule ulishuka usiku, mvua ilipopiga. Hakuna mwandishi aliyekuja, na simlaumu, hapakuwa na maiti.

Ile kofia ya njano ndiyo inayoniudhi. Kuna aliyetoa hela kuinunua, na kwa hela hiyo akaona ameshamaliza mambo ya usalama. Kofia inazuia tofali lililoponyoka mkononi mwa aliye juu. Haizuii tani tatu. Katika kazi yetu ya usalama kuna mpangilio ambao kila aliyekaa kwenye mafunzo anaujua: kwanza jiulize kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa, isipowezekana ipunguze au itenganishe na mtu, kisha weka utaratibu wa kazi, na vifaa kinga vinakuja mwisho kabisa, kwa hatari iliyobaki. Saiti nyingi tunaanzia mwisho na kuishia hapo hapo. Reflekta na helmeti hutolewa stoo siku ya ugeni.

Kwa shimo, kuondoa hatari kunajulikana. Laza kuta kwa mteremko, au zikate kwa ngazi ngazi, au kama kiwanja ni chembamba zizuie kwa mbao na mirunda, yaani miti ya kuegemeza. Udongo upelekwe mbali na ukingo. Ngazi iwemo ndani muda wote. Anayeijua kazi akague kila asubuhi na kila baada ya mvua, kabla mtu hajashuka. Kanuni za Marekani zinataka kuta zizuiwe au zilazwe shimo likifika futi 5, yaani mita 1.5, na udongo ukae angalau futi 2 kutoka ukingoni. Mita moja na nusu! Karo la nyumba ya kawaida linapita hapo kabla ya chai ya saa nne.

Mirunda inakodishwa, na ile ile itakayotumika kwenye zege la juu ingeweza kutangulia shimoni. Simkatalii mwenye nyumba anayesema kulaza kuta kunaongeza siku za kuchimba na kunamlia kiwanja. Ni kweli. Basi gharama hiyo iingie kwenye makadirio kama inavyoingia saruji, badala ya kuachiwa kijana wa chini ailipe yeye.

Sheria ipo. Tanzania Bara tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Zanzibar wana ya kwao. Hii ya Bara inamtaka mwajiri asajili sehemu ya kazi, atathmini hatari, apime afya za wafanyakazi, na akiwa na zaidi ya wanne ateue wawakilishi wa usalama na afya. Mkaguzi ana mamlaka ya kusimamisha kazi yenye hatari. Mfanyakazi naye ana wajibu wake, hilo halina ubishi, lakini msingi wa sheria hiyo ni kwamba anayepanga kazi na kuilipia ndiye wa kwanza kuhakikisha haiui. Sasa soma taarifa za ajali zetu uone zinavyoanza na kuisha na "uzembe wa marehemu". Marehemu hakuchagua kina cha shimo, wala hakuwa na fungu la kununulia mbao.

Ugumu unaanza ukitafuta mwajiri. Mwenye nyumba atasema, mimi nilimpa fundi kazi. Fundi atasema, shimo nilimpa fulani kwa bei ya jumla, yeye ndiye aliyetafuta vijana. Fulani atasema hawa ni vibarua wa leo tu, huyu wa pili hata jina la baba yake silijui. Kwenye mnyororo huo kila mmoja amekata chake, ila wajibu umedondoka njiani. Tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulioanza kazi 2015, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mpango mzuri, lakini kibarua wa shimo ambaye jina lake halimo kwenye karatasi yoyote ataufikiaje? Familia yake hupewa bahasha ya rambirambi msibani, na ikishapokea, inaambiwa mambo yamekwisha kindugu. Hapa ndipo ningependa kuona gazeti linakaa wiki nzima.

Kenya, kwenye sheria yao ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, wameandika wazi: mfanyakazi akitoa taarifa ya hatari kubwa iliyo karibu, asirudishwe hapo mpaka irekebishwe. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani nao unamlinda aliyejiondoa kwenye hatari ya namna hiyo asipatilizwe, na tangu Juni 2022 mkutano wa shirika hilo kule Geneva uliingiza mazingira salama ya kazi kwenye haki za msingi. Kijana wa Goba hakuwahi kusikia habari hizo. Alipanda kwa sababu aliogopa, na kesho yake, kwa jinsi ninavyoijua saiti, fundi angeweza kabisa kuchukua mwingine.

Msinielewe kwamba nawasema nyie peke yenu. Novemba 2015 wachimbaji watano walipotolewa hai mgodini Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi, nchi nzima tulisimulia muujiza na jinsi walivyokula vyura. Ni wachache waliouliza mwamba ulikuwa umezuiwa kwa kitu gani. Jengo la Kariakoo lilipoanguka 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20, angalau maswali yaliulizwa, kwa kuwa lilikuwa ghorofa na lilikuwa Kariakoo. Shimo la karo la Chanika halina ghorofa, na wanaokufa humo ni wawili wawili.

Kwa hiyo mwandishi aende na futi kamba, apime. Aulize mvua ilinyesha lini, udongo ulirundikwa wapi, nani aliamuru kazi iendelee. Apige simu OSHA aulize kama sehemu hiyo imesajiliwa, na kama ajali imeripotiwa na nani. Na akikuta shimo limeshafukiwa na kusawazishwa, kama ambavyo hutokea haraka sana, aulize ni nani aliyetoa hela ya kijiko kabla mkaguzi hajafika.

Foromani wa majengo,
Kimara, Dar es Salaam