Filamu ya Jumamosi: Alien (1979)

Habari zenu wapendwa. Jumamosi hii saa 2:00 usiku tunatazama Alien ya Ridley Scott, kila mtu kwake. Ina dakika 117, hivyo mjadala hapa kikundini utaanza saa 4:15.

Miaka inapita na bado inatisha, nadhani kwa sababu zimwi lenyewe, lililobuniwa na msanii H. R. Giger, halionekani sana. Tunaona wafanyakazi 7 wa chombo cha anga cha mizigo wakibishania malipo, kisha giza na ukimya. Ripley, mmoja wao, anayeigizwa na Sigourney Weaver, hunigusa zaidi: anasimamia kanuni, wenzake hawamsikilizi.

Tafadhali:
1. Thibitisheni kwa kuandika "nipo" kabla ya Alhamisi jioni.
2. Chagueni tukio moja la kujadili.

Mlioiona tayari, naomba msiwasimulie wenzenu mwisho wake.