Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Kamishna: tuambie sifuri ni nini

Mheshimiwa Kamishna,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, maana barua nilizokuletea mkononi zimelala mezani pako hadi zimeota vumbi.

Mimi ni karani wa takwimu za maji taka hapa Kampala. Wiki iliyopita ofisi moja ilileta hesabu za virusi vilivyomo kwenye maji hayo kwa kila mililita, nyingine kwa kila lita. Zote zimeandikwa "kiwango", basi. Zikaunganishwa, na upande mmoja wa jiji ukaonekana umeuzidi mwingine mara 1,000. Simu zikalia usiku, na aliyeitwa kujieleza ni mimi.

Hilo walau kikokotoo kinalimaliza. Sifuri ndiyo inayoninyima usingizi. Mtu wa maabara akiandika 0, ana maana kwamba virusi, kama vipo, ni vichache mno kwa mashine yake kuviona. Daktari akiisoma, anaambia watu mtaa uko salama. Mhandisi wa mtambo wa kusafisha maji taka naye huiweka 0 siku ambayo hakuna chupa iliyopelekwa kupimwa! Sasa nijumlishe ipi?

Hata watu hawahesabiwi sawa. Mhandisi anahesabu waliounganishwa na bomba. Daktari anahesabu wakazi wote wa parishi, yaani eneo dogo la utawala, ilhali wengi wetu tunatumia vyoo vya shimo, na uchafu wetu hufika kwenye mtambo wa Lubigi kwa gari la kunyonya, ukifika. Labda kila idara inaogopa kwamba ikikubali istilahi ya mwenzake, bajeti nayo itahamia huko. Sijui.

Kwani kukubaliana hakuwezekani? Mwaka 2021 virusi vya polio vilionekana kwenye sampuli za mitambo ya maji taka ya Bugolobi na Lubigi, na mwaka uliofuata watoto wakachanjwa nchi nzima. Kwa polio, Shirika la Afya Duniani limeweka utaratibu wa kufuatwa na maabara.

Ulituahidi kamati ya istilahi. Chai ya uzinduzi tuliinywa, ilikuwa tamu. Kamati yenyewe bado naitafuta.

Siombi kompyuta wala semina Entebbe. Waketishe chumba kimoja mhandisi, daktari na mtu wa maabara, wakubaliane, utie sahihi. Mengine yakishindikana, basi sifuri tu, Mheshimiwa. Ripoti ya robo mwaka inatakiwa Ijumaa, na safu yangu imejaa sifuri.

Wako mtiifu, bado,
Karani wa takwimu, Kampala